Mbwa Kiwete na Hukumu ya Haraka

Mbwa akigongwa na gari usiku, akaonekana asubuhi anaburura mguu mmoja wa nyuma, mashauri hukusanyika uani kabla ya daktari kuitwa. Jirani wa kwanza husema auawe. Wa pili husema apumzishwe, akidhani kuwa amesema neno jingine. Wa tatu, ambaye hujiona mwenye huruma kuliko wote, husema asiguswe. Aachwe alale chini ya mwembe, apelekewe chakula na maji pale pale alipo, mpaka Mungu atoe amri yake. Watu hawa watatu huweza kugombana mpaka jua likachomoza juu, na kila mmoja humwona mwenzake mkatili au mpumbavu. Walakini wamekwisha kukubaliana katika jambo lililo kubwa kuliko yote wanayogombania, nalo ni kwamba mwendo wa mbwa huyo umekwisha. Makubaliano hayo hayana msingi. Yametoka katika macho ya watazamaji, hayakutoka katika mguu wa mbwa.

Lugha nayo ina lawama yake katika shauri hili. Mfanyakazi aliyechoka hupumzishwa ili kesho arudi kazini. Ng'ombe wa plau hupumzishwa kivulini, na jua likipungua hurejeshwa shambani. Pumziko, kwa maana yake ya asili, ni mahali ambapo mtu huingia na kutoka. Kusema juu ya mbwa aliyeuawa kuwa amepumzishwa ni kuliazima neno lenye mlango wa kutokea na kulitumia kwa nyumba isiyo na mlango. Anayefarijika kwa neno hilo si mbwa, maana yeye hakulisikia. Ni aliyetoa amri. Kuua kunapokuwa lazima si aibu. Aibu ni kuliogopa jina la tendo ambalo mkono haukuogopa kulitenda, na neno laini lina hatari hii, kwamba huharakisha hukumu. Watu wengi wangesita mara mbili kusema "muueni" ambao hawasiti hata mara moja kusema "mpumzisheni".

Sasa na utazamwe mwili wenyewe. Mbwa si meza. Meza ikivunjika mguu huanguka, kwa kuwa haina akili ya kupanga uzito wake upya. Mbwa asimamapo huegemeza kadiri ya sehemu 60 katika 100 za uzito wake juu ya miguu ya mbele, na sehemu 40 zilizobaki hugawanywa baina ya miguu miwili ya nyuma. Kwa hesabu hiyo mguu mmoja wa nyuma huchukua sehemu 20 tu. Aliyepotewa na mguu huo amepotewa na moja ya tano ya mategemeo yake, na maungo yaliyobaki huanza kujifunza kazi mpya siku ile ile: kichwa hushuka kidogo, mabega hukaza, mguu mzima wa nyuma husogea katikati ya mwili kama nguzo ya banda inayohamishwa ili ibebe paa. Mtu aliyepata kumwona mbwa wa miguu mitatu akimfukuza paka ukutani hahitaji kuthibitishiwa zaidi. Ajabu ni kwamba watu wamemwona, wakacheka, na baadaye wakatoa hukumu kana kwamba hawakumwona.

Kuna methali isemayo, hujafa hujaumbika. Waswahili huitumia kuwaonya wanaowacheka viwete, na onyo lenyewe ni la haki. Lakini wenye kuitamka kwa sauti kubwa barazani huisahau wanapofika uani kwao, kana kwamba kuumbika ni mkataba wa binadamu peke yake. Wakiulizwa, hujibu kuwa wanamwonea mbwa huruma kwa aibu anayoipata. Aibu gani? Mbwa hana kioo, wala hana baraza. Hajui kwamba mwendo wake umekuwa mbaya kutazamwa. Anajua kwamba lango lipo na yeye hajafika. Aibu inayotajwa ni ya mwenye nyumba, anayechukia wageni waone kiumbe kilichopinda mlangoni pake, na ni desturi ya zamani sana ya wanadamu kuwavisha wanyama nguo zao wenyewe kisha kuwahukumu kwa mavazi hayo.

Jambo la pili lisemwalo, ambalo lina sura ya elimu, ni kwamba mguu uliopooza haurudi. Usemi huo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki imeua mbwa wengi. Kupooza si ugonjwa mmoja. Ni dalili, kama homa ilivyo dalili, na chanzo chake huweza kuwa katika uti wa mgongo, au katika mshipa wa fahamu utokao uti na kushuka pajani, au katika maradhi ya mwili mzima. Mwaka 1952 mganga wa wanyama wa Sweden, Hans-Jörgen Hansen, alitoa kitabu cha uchunguzi wake juu ya visahani vya gegedu vilivyo baina ya pingili za mgongo wa mbwa, akaonyesha namna mbili ambazo visahani hivyo huharibika. Namna moja hupasuka ghafula na kuusukuma ugwe wa mgongo. Nyingine huvimba polepole kwa miaka. Mpaka leo waganga huzitaja namna hizo kwa jina lake. Mbwa wa kizazi kifupi cha miguu, kama dachshund wa Kijerumani, huweza kulala mzima na kuamka amepooza kwa namna ile ya kwanza, na akipasuliwa mapema, wengi wao hutembea tena. Hata katika wale waliokwisha kupoteza kabisa hisia ya maumivu makali miguuni, ambao zamani walihesabiwa kuwa maiti zilizo hai, karibu nusu hurudi wakipasuliwa.

Mguu mmoja uliopooza peke yake, hata hivyo, aghalabu una habari nyingine. Hapo chanzo mara nyingi ni mshipa mkubwa wa fahamu wa nyonga, uliobanwa au kuchubuliwa na ajali, na mara nyingine ulichomwa na sindano ya dawa iliyopigwa pajani mahali pasipo pake. Mshipa wa namna hiyo, maadamu haukukatika wala kung'oka mzizi, huweza kuota tena. Mwendo wake ni kadiri ya milimita 1 kwa siku. Msomaji na apime mwenyewe: kutoka nyonga ya mbwa wa wastani mpaka vidole vyake ni njia ya miezi mingi. Kumwua katika juma la pili kwa sababu "haonyeshi nafuu" ni kumhukumu mshitakiwa wakati shahidi wake angali njiani, anakuja kwa miguu, na kila mtu mahakamani anajua kuwa anakuja kwa miguu.

Lipo onyo moja ambalo mtetezi wa mbwa hana haki ya kulificha. Kichaa cha mbwa huweza kuanza kwa kupooza, pasipo ukali wala kubweka ovyo. Mbwa asiyechanjwa ambaye amepooza ghafula bila ya ajali inayojulikana, hasa akidondoka mate au taya likilegea, asishikwe kwa mikono mitupu na mtu yeyote. Daktari wa mifugo aitwe, na aliyeng'atwa au kulambwa penye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo. Huruma isiyojua jambo hili huua watu. Lakini onyo hili ni hoja ya chanjo na ya daktari. Si hoja ya rungu.

Turufu ya jirani wa tatu, yule wa mwembe, ni upole wake, na kwa sababu hiyo ndiye mpinzani mgumu kuliko wote. Hajaua mtu. Kila asubuhi huonekana na sahani mkononi. Lakini mbwa aliyelazwa siku nzima juu ya ardhi ngumu hutoka vidonda vya malazi nyongani na viwikoni; mkojo humwunguza ngozi; nzi hutaga; misuli ya mguu uliopooza hunywea na ile ya mguu mzima huifuata kwa kukosa kazi; viungo hukakamaa mpaka goti likawa kama bawaba iliyoshikwa na kutu. Baada ya miezi miwili jirani huyo humtazama na kusema, "Si niliwaambia? Amekwisha." Amekwisha kweli, ila hakumalizwa na gari.

Ushahidi wa jambo hili haukosekani. Mwaka 2006 watafiti wa Bern, nchini Uswisi, walitangaza habari za mbwa 22 walioonekana kuwa na maradhi ya kuoza kwa ugwe wa mgongo, maradhi ambayo huanza na udhaifu wa miguu ya nyuma, hupanda, na hayana dawa. Mbwa waliofanyishwa mazoezi mengi ya viungo kila siku waliishi kwa wastani wa siku 255. Waliofanyishwa kwa kiasi waliishi siku 130. Wasiofanyishwa waliishi siku 55. Kundi lilikuwa dogo, na mtu mwenye haki hataligeuza kuwa sheria ya dunia. Hata hivyo, mtu mwenye haki atauliza: ikiwa mwendo uliwapa miezi mbwa ambao maradhi yao yalikuwa yamekwisha kuwahukumu, sembuse mbwa aliyepooza mguu mmoja na asiye na maradhi mengine? Na huko Italia, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017, mbwa 81 ambao miguu yao ya nyuma ilikatikiwa na mawasiliano yote na ubongo walifanyishwa mazoezi kwa bidii. Zaidi ya nusu yao walipata namna ya kutembea, si kwa amri ya ubongo, bali kwa ukumbusho uliomo ndani ya ugwe wa mgongo wenyewe. Mwili una akiba ambayo kichwa hakijui. Akiba hiyo haitoki kwa aliyelala.

Basi kazi yenyewe ni ipi? Wapinzani hupenda kuikuza mpaka ionekane kuwa ni anasa ya Wazungu wenye fedha. Kwa kweli huanza na sakafu. Nyumba za siku hizi zimepewa vigae ving'aavyo, na juu ya vigae mbwa mzima huteleza, seuze kiwete. Vipande vya zulia vyenye mpira chini, vilivyotandikwa kutoka mahali pa kulala mpaka mlangoni, humpa mbwa njia. Mkeka mtupu haufai, maana huteleza pamoja naye. Kucha zikatwe, na nywele zilizoota baina ya vidole zipunguzwe. Chakula kipimwe, kwa sababu kila kilo ya mafuta inayoongezeka kwa huruma ya jikoni hubebwa na mguu uliobaki.

Baada ya sakafu ni wayo. Mguu uliopooza hukunja wayo wake, na mbwa hukanyagia upande wa juu. Penye saruji ngozi hiyo huisha kwa siku chache. Damu hutoka, uchafu huingia, na kwa kuwa mguu hausikii, mbwa hana habari. Wako hata wanaoutafuna wayo wao wenyewe kama kwamba ni mfupa waliouokota. Hapa ndipo mbwa wengi hupotea, na hupotea kwa uzembe, si kwa kupooza. Fundi viatu wa mtaani anaweza kushona kiatu cha ngozi laini chenye soli ya mpira mwembamba, na utepe wa mpira unaovuta vidole kuelekea juu ili wayo ukanyage sawasawa. Kiatu kivuliwe usiku, wayo ukaushwe, utazamwe kila jioni kwa taa. Mguu ukunjwe na kukunjuliwa polepole mara kadhaa kwa siku, kiungo baada ya kiungo, ili siku mshipa utakapofika usikute mlango umekwisha kufungwa na kutu.

Kisha mbeleko. Kanga kuukuu hukunjwa mara nne, ikapitishwa chini ya tumbo mbele kidogo ya mapaja, ncha zake mbili zikashikwa juu kwa mkono mmoja. Kwa dume, kitambaa kisizibe njia ya mkojo. Mkono haumnyanyui mbwa. Humpunguzia uzito tu, kiasi cha wayo kugusa ardhi na mguu mzima kuendelea na kazi yake. Mwenye kumvuta juu mpaka miguu ikaning'inia amekwisha kumgeuza mzigo. Dakika tano asubuhi, tano jioni, na kuongeza kidogo kila juma. Wanawake wa pwani wameijua sanaa ya kubeba kwa kitambaa tangu zamani, na hakuna kinachozuia elimu hiyo isivuke kutoka kwa mtoto kwenda kwa mnyama isipokuwa kiburi. Kigari cha magurudumu mawili, ambacho picha zake zinapendwa mno, ni cha mbwa aliyepooza miguu yote miwili ya nyuma, au aliyepooza mmoja na mwingine umedhoofika. Kina faida yake kikipimwa vizuri, na hata cha mabomba ya plastiki na magurudumu ya gari la mtoto hufaa. Lakini mbwa hawezi kulala ndani yake, wala asiachwe humo peke yake. Mwenye mbwa wa mguu mmoja anayeagiza kigari kutoka ng'ambo kabla ya kutandika sakafu yake amenunua picha.

Na miezi ikipita, mshipa usifike, wayo ukizidi kuoza, mguu huo ukatwe. Neno hili huwashitua watu waliokuwa tayari kumwua mbwa mzima. Wako radhi kumtoa roho, hawako radhi kumtoa mguu! Ikiwa mguu wa pili na uti wa mgongo ni wazima, mbwa aliyekatwa mguu usiosikia kitu huwa amepunguziwa mzigo wa kuburura, na aghalabu husimama baada ya siku chache.

Wapinzani wanapofika hapa huiacha anatomia na kushika silaha yao kubwa. Husema: vijijini kuna watoto viwete wasio na baiskeli za kukalia, ni haki gani kumshonea mbwa kiatu? Hoja hii haina budi kujibiwa kwa heshima, maana watoto hao wapo, na wengine hutambaa mavumbini mpaka leo. Lakini kanga kuukuu haikuporwa kwa mtoto yeyote. Huruma si gunia la mahindi ambalo kibaba kikitolewa upande huu hupungua upande ule. Ingekuwa hivyo, wasiofuga mbwa wangekuwa wamekwisha kuwanunulia watoto wote baiskeli. Tena elimu ya kumhudumia mwili uliopooza ni moja. Anayejua kwamba wayo usiosikia hutazamwa kila jioni, kwamba alalaye hugeuzwa, kwamba kiungo kisichokunjwa hukakamaa, anajua mambo yale yale yatakayomfaa babu yake aliyepatwa na kiharusi. Mwaka 2012 watafiti wa Cambridge walitangaza jaribio lililofanywa kwa mbwa 34 wa majumbani waliopooza kwa majeraha ya ugwe wa mgongo. Baadhi yao walitiwa katika ugwe wa mgongo seli zilizotolewa ndani ya pua zao wenyewe, na hao walipata kuiongoza miguu ya mbele na ya nyuma kwa pamoja kuliko wenzao wasiotiwa. Jaribio hilo lilitazamiwa kuwafaa binadamu. Laiti wenye mbwa hao wangalifuata shauri la uani, lisingalikuwapo la kujaribu.

Wengine hushika dini. Husema mbwa ni najisi, na mkono wa mtu safi haumgusi. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya kuosha. Haikutajwa popote kuwa ni hukumu ya kutosaidia, na mtu anayesali anaweza kuvaa mipira ya mikono na kutenga nguo ya kazi, kama afanyavyo mwosha maiti na mchinja ng'ombe. Kila mwanafunzi wa chuo amesikia habari, iliyopokewa katika hadithi sahihi, ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno wakati wa kupanda, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na akasamehewa dhambi zake. Kiatu kile kilikuwa cha mtu. Wanaokataa kumshonea mbwa kiatu chake mwenyewe na waifikiri habari hiyo tena.

Hayo yote hayamaanishi kwamba mbwa asiuawe kamwe. Yapo maumivu yasiyotulizwa na dawa. Yako maradhi yanayopanda mgongoni mpaka pumzi ikakatika. Uko upoozaji unaofunga kibofu, na kibofu kinapaswa kukamuliwa kwa mkono mara tatu au nne kila siku. Nyumba isiyo na mkono huo, na isiyoweza kuupata, haifai kudanganywa kwamba mapenzi yatatosha. Kosa la jirani wa kwanza halikuwa kulitaja tendo. Lilikuwa kulitaja siku ya kwanza, kabla ya kujua kama mguu unauma au hausikii tu, kama mshipa umekatika au umebanwa, kama mbwa akishikwa kwa mbeleko hulala au huelekea langoni. Na likipasa kutendwa baada ya kujua hayo, na liwe kazi ya daktari kwa sindano, si ya kijana aliyepewa shilingi na rungu, wala ya strikinini, sumu ambayo miji mingi imeitumia kuangamiza mbwa wa mitaani na ambayo humwua mnyama kwa mitukutiko fahamu zake zikiwa timamu. Siku hiyo wenye nyumba na waseme kuwa wamemwua mbwa wao.